Shati Nililolala Nalo

Nakumbuka asubuhi moja hapa Sudi, mwanangu, nilipomkuta mke wangu Somoe mlangoni, begi mkononi, anataka kurudi kwao Kinjumbi. Tulikuwa maharusi bado, hata hina ya miguuni mwake haijafutika.

Enzi zile nilibeba magunia kwenye mashamba ya chumvi. Kutwa gunia linasugua mgongo, jasho linatiririka ndani ya shati la nailoni, na kesho yake navaa lilelile. Mgongo na mabega yakajaa vipele, vingine vina usaha. Nikajiambia haya ni maradhi mabaya. Kwa aibu nikawa nalala na shati, na joto la huku unalijua. Somoe akinigusa mgongo, naruka.

"Kama hunitaki, si ungeniambia tu," alisema, macho yamemjaa machozi.

Nikavua shati, nikamgeuzia mgongo, nikangoja kusikia anaondoka. Nikasikia begi linatua sakafuni.

"Vinauma?"

"Vinauma. Niliogopa utanikimbia."

"Mimi nilikuwa nalikimbia hilo shati, mume wangu."

Akacheka. Mimi nikalia, mwanamume mzima.

Siku ileile akanipeleka zahanati. Mganga akanitazama, akatuambia siyo ugonjwa wa kuambukiza: ni jasho na kusuguliwa na mzigo. Somoe akanishonea mashati mapana ya pamba. Nikawa naweka kitambaa kikavu chini ya gunia, nikitoka kazini naoga kwanza. Ngozi ikatulia polepole. Madoa yamebaki, naye anayajua yote.

Sasa nakuona wewe, mwanangu, unavyojiinamia mbele za watu kwa vipele vya kipaji cha uso, pale helmeti ya bodaboda inapokubana. Usivitumbue, wala usijisugue kwa sabuni kali. Ukishuka kwenye pikipiki osha uso taratibu, ufue na kile kitambaa cha ndani ya helmeti. Helmeti yenyewe usiivue njiani, kichwa hakina spea. Visipopoa, nenda zahanati. Na mwenzako akikuuliza una nini, mwambie. Usimwache abuni mwenyewe sababu ya ukimya wako, maana atabuni mbaya kuliko ukweli.

Mwenyezi Mungu akulinde barabarani, akupe afya, na nyumba yako aijaze mapenzi. Amin.