Nilizima Mapovu ya Mutoto Wangu

Ndugu zangu, minye ndiye mukosefu, sitasingizia shetani. Shetani hakukuwa mu salle ile ya hospitali, mu chumba cha batoto. Nilikuwa minye na mikono yangu!

Niko motari hapa Uvira, nabeba batu na pikipiki, tunakaa Songo. Mimba ya bibi yangu haikufika hata miezi saba, mutoto akatoka. Mudogo, jamani! Soksi yangu ingemutosha kama blanketi.

Mapafu yake ilikuwa haijakomaa. Infirmiere, ule muuguzi, akamuwekea tumipira mu pua, hewa ikaingia. Mupira mwingine ukatoka pale puani, mwisho wake akauzamisha mu chupa ya maji. Maji ikaanza: bwu, bwu, bwu. Akatuelezea ile chupa ni ya nini, lakini minye nilikuwa naangalia mutoto tu. Sikusikia hata neno!

Kesho yake bibi akaenda kujikamua maziwa ya mutoto. Nikabaki na mama mukwe, aliyetoka Kiringye kutusaidia. Macho ikanasa kwa yale mapovu. Motari yeyote anajua: ukizamisha mupira ya pikipiki mu maji, ikitoa mapovu, imetoboka!

"Mama, oksijeni ya mutoto inavuja."

"Weye uko docteur?"

"Mipira naijua, mama."

Nikachomoa mupira mu maji, nikaanza kutafuta tundu. Mapovu ikanyamaza. Nikatabasamu, mupumbavu minye!

Mara mutoto akaanza kuguna. Kifua ikabonyea, mbavu zikaonekana zote. Midomo ikageuka rangi. Mama mukwe akapiga kelele, naye anaimbaga mu kwaya: hospitali nzima ikasikia.

Infirmiere akaja mbio, akarudisha mupira mu maji. Bwu, bwu. Tukangoja. Pole pole midomo ikarudia rangi yake.

"Baba, ile maji inashikilia hewa, mapafu yasijifunge. Mapovu ikinyamaza ndiyo tunaogopa! Ulikuwa unatafuta nini?"

"Tundu."

Bamama bote mu salle bakacheka. Minye nalia.

Bibi yangu hakunisemesha mpaka mutoto alitolewa kwa ile mipira. Infirmiere alinifukuza mu salle, akanirudisha kwa sharti moja: nikae bila shati, mutoto kifuani apate joto, mama mukwe akinichunga kama ng'ombe muizi. Leo mutoto iko muzima, analia mpaka majirani banalalamika. Lakini ile midomo yake ya siku ile ingali inaniamusha usiku.

Bababa benzangu, kitu hukijui mu hospitali, uliza! Usikiguse! Na kama mikono inakuwasha, uikalie.