Kupeleka Sufuria Yokohama

Nilienda Japani kwa sababu mdogo wangu alikuwa ameacha kucheka. Wairimu tunayemjua sisi ni mtu wa kukutumia ujumbe wa sauti mrefu kuliko mahubiri, akieleza tu jinsi alivyonunua vitunguu, na akifika katikati anacheka mwenyewe mpaka anasahau alikuwa anasema nini. Tangu ajifungue huko Yokohama, tulikuwa tunapata maneno mawili ya kuandikwa: "Tuko sawa." Mumewe, Kenta, Mjapani mpole asiyejua kupaza sauti, alikuwa amemaliza likizo akarudi kazini. Wairimu alibaki anashinda na mtoto peke yake katika nyumba iliyo juu ya kilima.

Mama alinipigia simu kutoka Nakuru. Yeye mwenyewe hangeweza kwenda, magoti yake siku hizi hayamfikishi hata sokoni.

"Njoki, si wewe ndiye nesi? Enda umshikie huyo mtoto, mwenzako alale. Na usiniletee ripoti ya hospitali. Mimi nataka kumsikia akicheka, basi."

Ninaishi Euless, Texas, karibu sana na uwanja wa ndege wa DFW, na ndege ikipita vyombo vyangu hutetemeka kabatini. Ungedhani kwa mtu kama mimi kusafiri ni kazi ndogo. Lakini kwetu Wakenya wa Texas, mtu hasafiri. Zinazosafiri ni kilo zake. Ukitaja tu kwamba umekata tiketi, kilo hizo zinakuwa mali ya ukoo na ya kanisa, na wewe unabaki mchukuzi. Nguo zako utavaa zile ulizopanda nazo.

Sugar Land. Kabla ya kwenda Japani ilinibidi niteremke kwanza hadi huko, pembeni mwa Houston, kwa Anti Wangari, dada yake Mama, kwa kuwa Mama alikuwa amempa mtu fulani mzigo wa kuleta kutoka Kenya na mtu huyo alifikia kwa Anti. Niliendesha gari asubuhi nzima nikipita malori, mabango ya mawakili na makanisa makubwa kuliko uwanja wa mpira. Nilikuta mzigo umetandazwa kitandani kama maonyesho ya kilimo: pakiti za unga wa uji, majani ya chai, leso za kubebea mtoto, mwiko, chupa ya chai ya kutosha mkutano, na sufuria. Sufuria yenyewe ilikuwa ile ya Mama, nyeusi chini, ambayo imewapikia uji wote waliojifungua kwetu.

"Anti, kwani Japani hakuna sufuria?"

"Ziko," akasema. "Lakini hazijui uji."

Tukapima. Njia yetu ya kupima begi inajulikana: unapanda mzani wa bafuni ukiwa umelikumbatia, halafu unapanda bila begi, mtu anatoa. Anti alisoma uzito wangu kwa sauti mbele ya mumewe na wageni wawili wa kanisani, kisha akasema begi liko sawa, wa kupunguza ni mimi. Mchungaji aliyekuwa amepitia kunywa chai aliyawekea mabegi yote mawili mikono akayaombea. Niliyapima tena baada ya amina, na hakuna hata gramu iliyopungua. Tuliyafunga kwa kamba ya manila, tukayazungushia utepe mwekundu, na Anti akanishika mkono.

"Mami, hizi bag usimwachie mtu. Mtu yeyote, umenisikia? Ni vitu za mama yako."

DFW. Aliyenipeleka uwanjani ni Mama Neema, Mkongo wa Garland ninayefanya naye kazi, mwanamke mwenye mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Alijaribu kuinua begi moja kuliingiza garini akaliacha.

"Eh, mama! Unabebaka nini, majiwe? Ile valise iko nzito sana! Kule Japon utapandisha yote namna gani?"

"Ina magurudumu."

"Magurudumu, na ngazi je?" Akacheka, halafu bila haya akatoa kichupa cha pilipili kwenye pochi. "Pelekea ule mama alizaa. Ni kadogo tu."

Mzani wa uwanja wa ndege haukukubaliana na ule wa Anti. Nilichuchumaa sakafuni mbele ya foleni nzima, nikafungua kamba, nikavaa makoti mawili, nikajifunga leso kiunoni na kuihamishia sufuria kwenye mzigo wa mkononi. Wakati wa ukaguzi afisa aliitoa, akaigeuza, akaigongagonga kwa kidole. Akaniuliza ni ya nini. Nikamwambia ni ya uji. Akamwita mwenzake, wakaiangalia wawili, na nadhani hawakupata kifungu cha sheria kinachokataza uji, kwa hiyo wakanirudishia.

Haneda. Nilishuka uwanja huo wa ndege wa Japani nikiwa na joto la makoti mawili na miguu iliyovimba. Kwenye forodha nilitangaza vyakula vyote kama mtu mwaminifu, na mwanamke mmoja mwenye glavu nyeupe akaomba kuona. Unga uliofungwa ulipita, chai ikapita. Kisha akafunua taulo ambalo sikuwahi kulikunja mimi, na ndani yake zikatoka nduma nne, magimbi mabichi yenye udongo wa nyumbani. Anti Wangari! Yule mwanamke aliniambia kwa upole kwamba haziwezi kuingia, akazichukua moja moja kwa mikono miwili, akainamisha kichwa. Sijawahi kuona nduma zikipewa heshima hiyo, hata kwetu.

Niliirudisha sufuria begini, maana begi moja sasa lilikuwa na nafasi, nikafunga kamba upya. Nilipotokea ukumbini ujumbe ukaingia kwenye simu. Wairimu. Nilishtuka, kwa sababu ulikuwa mrefu kuliko maneno mawili.

"Kuna counter ya kutuma mizigo hapo nje. Wape hizo bag, zitaletwa kwa nyumba kesho. Hiki kilima ni kirefu. Usibebe."

Kaunta niliiona. Wafanyakazi wawili walikuwa wanabandika karatasi kwenye masanduku ya watu, na watu hao, wengine wakiwa na watoto, wanaondoka mikono mitupu bila hata kugeuka nyuma. Nilisimama nikawatazama kwa huruma. Nasi tunatoka kwenye ukoo ambao mjomba alimwachia mtu begi stendi aende msalani, na habari hiyo bado inasimuliwa kwenye mazishi. Nimwachie mgeni sufuria ya Mama kwa kipande cha karatasi? Nikamjibu Wairimu: "Nikufe nazo." Akaandika, "Sawa." Neno moja. Hilo liliniuma, nikaongeza mwendo.

Kwenye treni palikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia kamba zikilia. Begi moja lilikuwa na magurudumu mazima, jingine lilikuwa limevunjika gurudumu tangu nilitoe kwenye mkanda wa ndege, na mimi nilikuwa na mikono miwili tu. Treni ikakata kona. Begi zima likaniponyoka, likavuka behewa taratibu na kumgonga magotini bwana mmoja mwenye suti. Bwana yule akaliomba begi msamaha. Akaliinamia, wallahi, kisha akanisukumia kwa ncha za vidole, na watu wote wakaendelea kutazama simu zao. Ningekuwa Nakuru ningetukanwa kidogo mambo yakaisha. Hapo nilibaki na aibu yangu yote, hakuna wa kunipunguzia.

Yokohama nilibadilisha treni, nikashuka kituo kidogo chenye ngazi. Nilimkumbuka Mama Neema. Bila shaka lifti ilikuwepo mahali, lakini sikuweza kusoma ilikoandikwa, kwa hiyo nilianza kupandisha begi moja hadi kati, ninaliacha, ninashuka mbio kuchukua la pili kabla halijaibwa. Halikuibwa. Nilimkuta bibi mmoja wa umri wa Mama amekwishalishika upande wa mkono, ananisubiri nishike upande wa pili. Nilimwambia la, la, nikitikisa mikono. Akatikisa yake. Tukapanda naye, yeye akihesabu kwa Kijapani na mimi nikihema kwa Kikuyu, na alipofika juu hakuwa ametoka hata jasho.

Kilimani. Alasiri, jua likiwa usoni, nilianza kuupanda mlima wa Wairimu. Ni kichochoro chembamba, kisafi kuliko jikoni langu, nyumba zimebanana pande zote mbili. Mama alipiga simu. Nakuru ilikuwa bado asubuhi na alitaka kuwepo mlango ukifunguliwa. Nilimweka kwenye spika, nikamtia mfukoni mwa koti.

"Umefika?"

"Bado, Mama."

"Sufuria iko?"

"Iko."

"Na sasa?"

"Mama, niache nipumue."

Wairimu alitokea mlangoni kabla sijamwita. Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi, ni kazi yangu kuona wagonjwa, lakini huyo alikuwa mdogo wangu. Alikuwa amefunga kitambaa kichwani, amevaa ndara za mumewe, na uso wake ulikuwa umetulia vibaya, hauna hasira wala furaha. Aliangalia mabegi. Akaniangalia mimi na makoti yangu.

"Ulikataa kuyaacha," alisema.

"Ni vitu za Mama."

Alishuka hadi kwangu, akaninyooshea mtoto kwa mikono miwili. "Mshike kidogo. Please. Mikono yangu imechoka."

Nikamshika. Nani angefikiria mara mbili? Vidole vyangu vilikuwa vimekauka kwenye vishikio tangu Haneda, vikafunguka vyenyewe. Alikuwa mwepesi, ana joto, ananuka maziwa, ana paji la uso la Mama kabisa. Nilikuwa nimeanza kumwita jina lake ndipo nikasikia sauti ya magurudumu.

Begi bovu, Mungu alibariki, lilibaki palepale. Lile zima lilikuwa limejigeuza, likafikiri kidogo, likaanza kuteremka. Mwanzoni lilienda kwa adabu. Likapita nyumba ya jirani, likapita baiskeli, likachukua kasi, na utepe mwekundu ukapepea nyuma yake. Nilikuwa na mtoto mikononi, nilichoweza kufanya ni kupiga kelele, "Simameni!" sijui nikimwambia nani. Likagonga nguzo ya umeme. Kamba ya manila ya Anti ikakatika, begi likafunguka, na unga wa uji ukapanda hewani wingu zima. Wakati tukidhani yameisha, kutoka ndani ya wingu hilo ikatoka sufuria. Ilisimama kwa ukingo wake, ikaendelea na safari peke yake, ikilia ngwe-ngwe-ngwe kwenye lami hadi chini kabisa ya kilima, na mlango baada ya mlango ukafunguliwa na watu wakatoka kuitazama ikipita.

"Nini hiyo imeanguka?" Mama akauliza mfukoni.

Wairimu alikuwa ameketi barabarani. Nilidhani amezimia. Kisha nikasikia sauti ndogo ikimtoka, kama mtu anayekohoa, halafu ikafunguka. Alicheka akapiga lami kwa kiganja. Alijaribu kusema neno "sufuria", akashindwa, akaanza upya, akashindwa tena, machozi yakimtiririka hadi shingoni. Nami nilikuwa ninacheka na kulia pamoja, mtoto akinitazama.

"Njoki," Mama akasema polepole. "Huyo ni Wairimu?"

"Ni yeye, Mama."

Hakuuliza sufuria. Alisikiliza tu, na sisi tukamwacha.

Siku zilizofuata hazina hadithi kubwa. Majirani walikuja na fagio wakausafisha unga kuliko ulivyosafishwa kiwandani, na kijana wa posta akaileta sufuria ikiwa na mbonyeo ubavuni. Pakiti zilizokuwa kwenye begi bovu zilitosha uji. Nilimwogesha mtoto, nikampikia Wairimu supu, nikamlaza. Kenta alionja pilipili ya Mama Neema, akatoka nje kwa muda. Nilimpeleka mdogo wangu kwa mkunga wa pale, nikahakikisha ana mtu wa kuongea naye wiki kwa wiki, kwa sababu cheko moja si dawa na mimi ni nesi, sijasahau.

Siku moja kabla sijaondoka, Wairimu aliita mtu wa mizigo nyumbani. Nilimkabidhi mabegi mwenyewe, akanipa karatasi. Kesho yake niliteremka kilima mikono mitupu, nikigeuka kila hatua kama mtu aliyesahau mtoto, na Haneda nikayakuta yananisubiri. Nimejifunza hilo: kuna watu duniani unaweza kuwaachia begi. Na kilichokuwa kinasubiriwa kule juu hakikuwa begini, ingawa Anti Wangari msimwambie, bado anauliza nduma zilipokelewaje. Nimemwambia zilipokelewa kwa mikono miwili.

Euless. Mama Neema alinichukua DFW. Tulikuwa bado hatujatoka uwanjani simu ilipolia: ujumbe wa sauti kutoka Yokohama, mrefu kuliko mahubiri. Wairimu alikuwa anaeleza jinsi alivyoenda kununua vitunguu na mtoto mgongoni, na muuzaji akamuuliza kama yeye ndiye wa sufuria. Tulifika mlangoni kwangu hajamaliza. Mama Neema akazima gari.

"Nishushe valise?"

"Ngoja," nikamwambia. "Bado anacheka."