Judica, dereva aliyemshusha baba mdogo kwa sababu ya dumu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu haujainuka Dongobesh, na Judica Patriki amechuchumaa kwenye kituo cha mafuta, macho kwenye mdomo wa dumu la chuma la lita tano. Dumu liko chini, sakafuni. Gari analoendesha, Probox nyeupe, liko pembeni bila abiria.

"Ishia hapo," anamwambia Alex, mhudumu wa pampu. Petroli imebakiza vidole vitatu kufika shingoni.

"Dada, unajipunja," Alex anamtania.

"Wacha lipumue. Hapa kuna baridi, ila jua likiwaka petroli inatanuka."

Anafunga kifuniko, anafuta, ananusa, ananusa tena. Kisha dumu linapanda kwenye keria juu ya paa, wima, likabanwa kwa kamba nne za mpira. Ndipo anaelekea stendi kutafuta abiria.

Judica, mwenye miaka 34, ni mwanamke pekee anayeendesha gari la abiria kati ya Dongobesh na vijiji vya Bashay. Njiani hakuna kituo cha mafuta, na mvua ikiharibu barabara gari huzunguka mbali, hivyo akiba ni lazima. Tenki likipungua anasimama, anazima gari, anashusha watu wote, ndipo anamimina.

"Petroli haikai na watu. Kwangu hata chupa ya soda haiingii nayo," anasema.

Msimamo huo si mdogo kwa njia hii. Wakulima wa vitunguu wanahitaji petroli ya pampu za kumwagilia, na wengi huibeba kwenye madumu ya njano yaliyokuwa ya mafuta ya alizeti. Kila nyumba inayo. Kwa macho huwezi kujua lipi ni la kukaangia na lipi ni la pampu.

Oktoba mwaka jana, baba yake mdogo, mzee Wilbard, alipanda na dumu la njano miguuni.

"Nikamwamkia, nikamuuliza. Akasema ni alizeti ya nyumbani. Sasa ningefungua kifuniko cha mzee mbele ya watu?" Judica anauliza. Anakiri kwamba hilo ndilo lilikuwa kosa lake.

Hawakufika mbali. Kifuniko kililegea kwenye mashimo ya barabara, petroli ikaanza kuvuja. Nyuma alikaa Marieta, nesi, na mwanawe wa miezi sita.

"Mtoto alianza kutapika," anasimulia Marieta. "Na baba mmoja dirishani alishatia sigara mdomoni, anajipapasa kutafuta kiberiti."

Judica alisimama, akatoa watu wote, akafungua milango gari lipate hewa. Kisha akaondoka na abiria wake, akamwacha mzee Wilbard barabarani na dumu lake.

Ukoo ulichafuka. Mtoto anamshushaje baba yake njiani? Akaitwa kikaoni.

"Niliwaamkia wazee wote. Nikaomba radhi kwa kumwaibisha baba. Kwa dumu, sikuomba."

Nakiri, mimi ningeomba kwa vyote viwili ili yaishe.

Ukweli una gharama. Wenye madumu walihamia magari mengine, na safari zake zikashuka kutoka sita kwa siku hadi tatu. Mwenye gari, Sebastiani, amempa hadi mwisho wa mwezi huu: abiria wasiporudi, usukani unakwenda kwa dereva asiyeuliza maswali. Judica analea watoto wawili peke yake, na hana kazi nyingine.

Stendi, saa mbili kasorobo, Probox yake ina mtu mmoja. Mzee Wilbard anatokea, ameshika wajukuu wawili mikono.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, binti yangu."

"Mzee, njoo huku!" dereva wa gari jingine anaita. "Sisi tunabeba mpaka dumu!"

"Beba wewe," mzee anajibu, akiwaingiza watoto kwa Judica.

Ananieleza kwamba wakulima kumi na mmoja wa vitunguu wamekubaliana kukodi pikapu ya wazi mara moja kwa wiki, iwaletee petroli bila abiria. Ijumaa ataongozana na Judica kwenda kwa Sebastiani kumweleza kwamba abiria wa kijiji chao, sasa bila madumu, watarudi.

"Akikataa?" namuuliza.

"Nitamwambia, huyu alinishusha mimi, baba yake, jua kali, watu wanatazama. Nilikasirika miezi miwili." Mzee anawatazama watoto. "Kama hakuniogopa mimi, hataogopa mtu. Wajukuu zangu wataendeshwa na huyu."

Judica ameinamia usukani. Anajifuta macho kwa kitenge, anawasha gari.

"Ijumaa," anasema. "Mungu akipenda, Jumamosi niko hapa hapa."