Mama Aliyejaribu Visu kwa Mkono wa Kushoto

Kila siku ya mnada hapa Handeni yule mama huja kwenye turubai langu la visu vya kukunja, huitikia shikamoo yangu, kisha huuficha mkono wa kulia chini ya kanga. Sikujua kwa nini, maana ni mzima. Nimeuona ukibeba ndoo. Huvijaribu visu kwa kushoto tu, taratibu, ulimi ukiwa umechomoza kidogo. Mimi humsifia vile vya springi: unasukuma kidogo kwa dole gumba, chuma kinamalizia kufunguka chenyewe. Yeye makali hayagusi. Kikifyatuka kwa nguvu, anakirudisha. Wateja wengine huniuliza kinavyofunguka. Yeye huuliza kinavyofungika. Nilidhani ananipotezea muda, nikadhani pengine anaogopa kujikata, mwishowe nikakosa cha kudhani.

Mnada uliopita alipata kimoja chenye springi laini. Alikifungua, akabonyeza kitufe, akakiegemeza pajani na kukifunga, akarudia tena na tena mpaka uso ukamkunjuka.

"Mama, mbona huo mkono mwingine huutumii?" nikamuuliza.

"Mzee wangu alipata kiharusi, wake wa kulia haushiki tena," alisema. "Nikimmenyea chungwa mimi, hataki kula."

Nikaanza kukifunga kisu kwenye gazeti. Akanizuia.

"Kiache hivyo hivyo, mwanangu. Nitamwambia nimekiokota njiani."