Mama Vidole Akataa Kulishwa

Jina la Mama Vidole hakupewa bure. Miaka yote aliyosuka nywele katika saluni ya mdogo wake, nyuma ya kituo cha mabasi, hakuna mteja aliyeona vidole vyake vimetulia. Mdomo nao haukupumzika. Alisuka huku anasimulia, na ukithubutu kumkatiza hadithi, ulijua mwenyewe kwa jinsi mstari unaofuata ulivyokazwa.

Kiharusi kilimjia asubuhi, kichwa cha mteja kikiwa kimesukwa nusu. Kitana kikamponyoka. Akataka kuinama akiokote, mkono wa kulia ukabaki unaning'inia kama wa shati lililoanikwa. Hospitali walimhangaikia. Mguu ukarudi kwa kuburuta, mdomo ukarudi wote, tena na riba, lakini mkono ukagoma.

Hapo ndipo watu walipoanza kumpenda kupita kiasi. Binti yake, aliyekuwa akiishi naye pamoja na mtoto wake mdogo, alimlisha, alimfunga vifungo, alimfuta mdomo. Mdogo wake naye akifunga saluni alipitia nyumbani, na dada mtu akiangalia tu upande wa kikombe, kikombe kilishamfika mdomoni. "Usijisumbue, Dada. Pumzika." Pumzika, pumzika, mpaka neno lenyewe likamchosha. Hata jina wakamvua! Majirani walisimama mlangoni wakauliza, "Mgonjwa anaendeleaje?" na mgonjwa mwenyewe huyo hapo, anawatazama.

Jioni moja mdogo wake akaja na maneno yamemkaa kooni. Akazunguka weee, mara joto, mara wateja wa siku hizi, mwisho akayatema. Kuna msusi kijana anatafuta mahali pa kazi, na mwezi ukiisha atampa kile kiti cha dirishani.

"Kiti kina mwenyewe," akasema Mama Vidole.

"Mwenyewe hawezi kushika kitana, Dada. Sikufukuzi. Ila ukweli ndio huo."

Ukweli ulimchoma, jamani. Hakulala vizuri, na kulipokucha alikwenda kliniki na hasira zake zote, akamkabili kijana mrefu anayesimamia mazoezi ya viungo.

"Mwanangu, huu mkono umekufa? Niambie, na usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Mkono mzima kabisa, Mama. Kilichoumia ni sehemu ya ubongo iliyokuwa inautuma." Akavuta kiti, akakaa mbele yake. Akamweleza kwamba ubongo umejaa seli za neva, na kazi yao ni kupokezana habari, hii inampa mwenzake, mwenzake anapeleka mbele. Pale zinapopeana panaitwa sinapsi. Njia inayotumiwa kila siku, sinapsi zake zinapata nguvu. Njia iliyoachwa inafifia.

"Sasa zangu si zimekufa?"

"Zilizokufa hazirudi, sikudanganyi. Lakini zilizobaki zinaweza kujifunza kazi ya wenzao, zikaungana upya. Na wewe una bahati, vidole bado vinakunjika kidogo."

"Zinajifunzaje?"

"Kwa kufanya. Si kwa kufanyiwa." Akamtazama. "Nyumbani nani anakulisha, Mama?"

"Wote," akasema Mama Vidole. Yule kijana akamwonyesha jinsi ya kufungwa ule mkono mzima wa kushoto akiwa ameketi, ili ule mvivu usiwe na pa kujificha. Akamwonya asitegemee kuupata tena mkono wa zamani. Labda utarudi nusu, labda robo.

"Robo yangu inawatosha," akasema, akaondoka.

Nyumbani akakuta chakula cha mchana tayari. Mjukuu wake kakaa kwenye kiti chake kirefu, kijiko mkononi, uji hadi masikioni. Kijiko kinalenga mdomo kinaingia puani. Binti anacheka. "Mwache, anajifunza," akasema, na papo hapo akachota wali akampelekea mama yake mdomoni.

Mama Vidole akafumba mdomo.

"Mbona huyu mke mwenzangu humlishi?"

"Mama, huyu si mtoto? Ubongo wake bado unajengwa."

"Na wangu umeshapigwa rangi? Nipe kijiko! Halafu chukua kitambaa, funga huu wa kushoto. Na atakayenilisha tena nitamng'ata."

Basi ndivyo ilivyoanza, na asikudanganye mtu kwamba ilikuwa raha. Wali ulikuwa mwingi sakafuni kuliko tumboni. Bibi na mjukuu waligongana vijiko, na mjukuu ndiye aliyeshinda. Mama Vidole alisusa, akatukana kijiko, siku moja akajifungia bafuni akalia kwa sababu ya kifungo kimoja cha blauzi. Alilia kwa hasira, si kwa huruma. Binti naye aliteseka, pengine zaidi. Kumwona mama yako anahangaika na kifungo na wewe una mikono miwili, ni kazi ngumu. Alikuwa anavikalia vidole vyake ili visimsaidie.

Jioni zilikuwa za kamba. Kamba tatu zilifungwa kwenye nondo za dirisha, Mama Vidole anasuka, anafumua, anasuka tena. Mwanzoni kidole gumba kilikaa tu kama mgeni aliyekuja kula. Baadaye kikaanza kusukuma. Akakitukana, kikasukuma zaidi.

Mwezi ukaisha. Msusi kijana alikuwa amesimama saluni na mkoba wake, Mama Vidole alipoingia akiburuta mguu, binti nyuma yake. Hakusalimia hata. Akaketi juu ya kiti cha dirishani, binti akamfunga mkono wa kushoto, kisha akakaa chini kwenye mkeka, kichwa magotini kwa mama.

"Mkono mmoja utasukaje?" mdogo mtu akauliza.

"Wa kushoto utashika tu nywele. Vidole viwili nimeviachia. Kazi ni ya huyu wa kulia."

Mstari wa kwanza ulichukua muda ambao zamani angemaliza kichwa. Mteja mmoja akaguna. Mdogo wake akasogea akatazama.

"Dada, umepinda."

"Najua. Vuta."

Akavuta. Mstari ukashika. Akavuta kwa nguvu, binti akapiga kelele, mstari haukufumuka.

Mama Vidole akafikia kitana aanze mstari wa pili, kikamponyoka. Kikaanguka sakafuni, na saluni nzima ikainama.

"Asiokote mtu!"

Wakaganda. Akainama polepole, mkono wa kulia mbele. Vidole vikakipapasa kitana, kikateleza. Vikapapasa tena, kikateleza tena. Yule mdogo mtu, mpenda kusaidia, akapeleka mikono yake nyuma ya mgongo akaishikanisha huko.

Kidole gumba kikasukuma. Kitana kikainuka.

"Inamisha kichwa, mwanangu," Mama Vidole akasema, anahema.

Mdogo wake akajifuta macho, akamgeukia msusi kijana. "Kaazime kiti kwa jirani. Hiki kina mwenyewe."