Phulmati wa Kashi, Aliyeuonea Wivu Mto

Alizaliwa Ballia, India, mwaka 1871, siku ya mafuriko, na mkunga aliapa kwamba mtoto alitoka amekunja uso, akiangalia upande wa mto. Aliitwa Phulmati. Alipokua aliozwa Kashi, mji mtakatifu wa Wahindu, kwa Bechan, muuza tambuu, mtu mpole ambaye kila alfajiri alishuka ngazi za mawe kuoga katika mto Ganga, kisha akabaki majini hadi kiunoni akiunong'oneza mto. Akirudi nyumbani hana neno. Hapo ndipo yalipoanzia majaribu ya mtakatifu wetu. Alinusa nguo mbichi za mumewe kama mke anusaye manukato ya mwanamke mwingine, akaapa hatatia mguu katika maji yale. Alioga kisimani, na akipita karibu na mto alifunika uso asiuone.

Mama mkwe akaja juu. "Watu wanatoka Madrasi, kusini kabisa, kwa miguu kumfuata Mama Ganga, wewe uko naye pua na mdomo!"

"Mama gani, mama, anayekaa na mume wa mtu kila alfajiri?"

Wivu wake ulikuwa mkali hata Bechan akichelewa maziwa yaliganda jikoni, na majirani walileta ya kwao wapate mtindi.

Wakazeeka hivyo. Kiangazi cha 1919, mto ukiwa umekonda chini kabisa ya ngazi, Bechan akalala asiinuke tena. Mtu wa Kashi haagi dunia bila tone la mto ule ulimini. Majirani wakagombea kumletea, naye akakataa.

"Alete Phulmati. Nataka mpatane kabla sijaondoka."

Phulmati akateka ya kisimani, akamnywesha. Bechan akayatema. "Haya ya kisimani, mke wangu. Ladha ya mto naijua."

"Utaachaje kuijua!"

Lakini pumzi za mzee zilikuwa zinakatika. Phulmati akabeba mtungi wa shaba, akatoka akilia kwa hasira. Kwenye ngazi ya juu akasimama, akafunua uso.

"Bi mkubwa," akasema, "ulikuwepo kabla yangu. Mume wetu ana kiu."

Maji yakapanda ngazi kavu, yakaujaza mtungi, yakarudi chini. Jhuri mwenye mtumbwi alishuhudia, na ingawa Jhuri alidai kushuhudia mengi maishani mwake, siku hiyo mtumbwi wake ulikutwa juu ya ngazi, mlangoni kwa muuza maziwa.

Bechan akanywa, akatulia.

"Miaka yote hiyo ulikuwa unamwambia nini?" mkewe akamuuliza.

"Nilikuwa nakusengenya wewe," akajibu, akafa akicheka.

Walipokwisha kumchoma, Phulmati aliyamwaga majivu mtoni kwa mkono wake. "Haya, bi mkubwa, sasa zamu yako. Lakini kesho nakuja kuangalia."

Akaja kila alfajiri hadi alipofariki mwaka 1930, akigomba na kunong'ona, majini hadi kiunoni. Wivu haukumtoka. Mpaka leo wake wenye uchungu moyoni hushuka ngazi ile na tambuu mbili, moja ya kutafuna, moja ya kumpa bi mkubwa. Nasi tumwige: tunayemchukia, tumwendee wenyewe, uso wazi, na mtungi mkononi.