Mafuta ya Mawese Kwenye Moketi

Mtu anayebandika moketi katika nyumba ya kupangisha hapa Kisangani anatafuta kesi, na mwenye nyumba wangu alikuwa ameitafuta kwa gharama kubwa. Zulia hilo alilinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa anahama, rangi ya maziwa, akaligundisha sebuleni toka ukuta hadi ukuta, katika mji ambao matope mekundu yanaingia ndani na kila mgeni. Siku ananipa ufunguo alinionyesha moketi kabla ya kunionyesha choo. Nililipa garanti ya miezi sita, ile amana unayorudishiwa ukihama, nikavua viatu mlangoni, na toka siku hiyo nikaishi kwa adabu ndani ya nyumba yangu mwenyewe kama niko kwa padri.

Mimi ni mtu wa Kivu ya Kaskazini. Nilikuja hapa kuuza maharage na vitunguu kwa jumla, nikidhani nitakaa msimu mmoja, na sasa hata kwa Lingala natukana vizuri. Bayeri, ndivyo tunavyomwita mwenye nyumba, aliishi parseli ileile, kiwanja kimoja na mimi, katika nyumba kubwa ya mbele. Mimi nilikuwa katika ile ndogo ya nyuma. Aliishi na mke wake, watoto, na mama yake mzazi, bibi wa mtoni kutoka upande wa Isangi. Parseli nzima tulimwita koko, jina la kila bibi wa mji huu.

Koko alikuwa na mikono inayotetemeka. Mezani kwa mwanawe watu walikula wali kwa uma, na kwa kuwa uma ulimshinda, mkwe wake alimfunga kitambaa shingoni akamlisha kwa kijiko mbele ya wajukuu. Mkwe hakuwa mtu mbaya, niseme ukweli. Alimlisha kwa upole, na upole wenyewe ndio uliokuwa unamchoma.

Siku ya kwanza alikuja kwangu kuchungulia ninachopika. Aliangalia sufuria yangu ya ndizi, akasema ninazitesa bure, akaniagiza kinu. Ndivyo nilivyojifunza lituma: ndizi zinachemshwa, zinapondwa mpaka zinakuwa laini, zinafinyangwa donge, na pembeni samaki wa kukaushwa kwa moshi ndani ya mafuta ya mawese. Kisha alikaa chini, miguu mbele, sahani katikati, akala kwa mkono wake. Mkono ulitetemeka, ndiyo, lakini ulifika mdomoni. Alichukua muda wake wote na hakuna aliyemharakisha.

Basi akawa anakuja kila bayeri anapoenda dukani, akipitia nyuma ya bafu kama mwizi. Alinikataza kusema. Mama wa mtu mwenye nyumba akionekana anakula kwa mpangaji, mtaa mzima utasema mtoto wake anamnyima chakula, na jina la mtoto limekwisha. Bayeri angesikia, angemfungia geti, tena kwa aibu tu, si kwa ubaya. Nilielewa vizuri, maana hata kwetu milimani mambo ni hayohayo.

Mkono unaotetemeka, mafuta mekundu na moketi ya rangi ya maziwa: huhitaji shule kujua kitakachotokea. Kwa kawaida nilimtandikia mkeka. Siku hiyo mkeka ulikuwa umelowa mvua, na koko alikataa kuungoja ukauke. Sahani ikamponyoka. Nilisugua kwa sabuni ya unga, kwa ndimu, kwa petroli, na doa likazidi kupanuka na kujistarehesha. Koko alilitazama, akaniambia nisogeze meza. Nikasogeza meza juu ya doa, na tukaendelea kuishi kwa amani, mimi, koko na meza.

Halafu biashara ikanilazimisha kuhama. Nilipata nyumba kule komini ya Tshopo, karibu na soko, yenye depo ya kuwekea bidhaa mbele, na bayeri wa kule alitaka garanti yake mkononi siku ninapoingia, la sivyo kulikuwa na mtu mwingine anayengoja. Pesa hiyo nilikuwa nayo, ila ilikuwa mfukoni kwa bayeri wangu. Ndiyo maisha ya wapangaji wa mji huu: garanti ya nyumba ya zamani ndiyo inayofungua nyumba mpya. Wenye akili huwa wanakula garanti yao, yaani wanakaa miezi ya mwisho bila kulipa kitu mpaka pesa iishe. Mimi nilijifanya mstaarabu, nikalipa hadi mwezi wa mwisho. Ustaarabu huo unaniuma mpaka leo.

Asubuhi ya kuhama, wabebaji walinyanyua meza. Bayeri alikuwa amesimama mlangoni. Koko naye alikuwa ameletwa kuniaga, amevaa liputa, kikwembe chake cha kwendea misa, ameketishwa kwenye kiti. Doa likatoka hadharani, kubwa kama sinia. Bayeri hakupiga kelele. Aliinama, akaligusa kwa kidole, akanusa, na mtoto wa mtoni hawezi kukosea harufu ile. Akaniuliza ni nani aliyekula mawese juu ya moketi yake.

Nilifungua mdomo. Naapa sikujua nini kingetoka. Koko akaniwahi.

“Nilimuambiaka,” alisema. “Nilimuambiaka huyu mama, usikulie hapo. Batu ya milima hawajue kukula mafuta.”

Damu ilinipanda hadi masikioni. Kikongwe niliyempikia, niliyemwosha vidole kimoja kimoja, ananiuza mbele ya wabebaji! Nilikuwa na sentensi moja tu, tamu, iko tayari ulimini: muulize mama yako. Ingetosha. Garanti yangu ingerudi yote na ningeondoka kichwa juu. Nilimgeukia ili niiseme nikimtazama. Uso wake ulikuwa mkali, wa hakimu kabisa. Lakini mkono wa kulia alikuwa ameuficha chini ya liputa, na liputa yote ilikuwa inatetemeka.

“Ni mimi, papa,” nilimwambia bayeri. “Munisamehe.”

Alinisamehe kwa miezi minne. Moketi, alinieleza, haitiwi kiraka, inabadilishwa yote, kwa hiyo angenirudishia garanti ya miezi miwili tu, na hapo ananihurumia. Kisha akanifundisha, kwa heshima kubwa, namna watu wanaojiheshimu wanavyokula: mezani, kwa uma. Koko aliitikia kila neno kwa kichwa. Kwa kweli alizidisha.

Nilipomaliza kupakia vitu nilienda kumuaga, maana nisingemuaga watu wangeuliza kuna nini. Aliivuta shingo yangu mpaka sikio likafika mdomoni kwake. Nilitegemea angalau neno moja la huruma.

“Kule iko na moketi?” alininong'oneza.

“Hapana, koko. Ni simenti tu.”

Alifikiri kidogo. “Bon, ni vizuri,” akasema, akaniachilia.

Njia nzima ya kwenda Tshopo nilimtukana moyoni kwa lugha tatu. Bayeri mpya alikubali kuchukua friji yangu, ile niliyokuwa nauzia maji baridi, mahali pa garanti iliyopungua. Mpaka leo iko sebuleni kwake, inampozea bia, na nikienda kulipa kodi ananikaribisha moja, kutoka ndani ya friji yangu.

Wiki haikuisha. Mchana mmoja toleka, zile baiskeli za kubeba abiria, ilisimama mbele ya depo yangu, na nyuma ameketi koko, upande upande, amemshika dereva mkanda. Nyumbani alikuwa ameaga kwamba anaenda sala ya wamama. Kabla hata hajashuka alinipa habari: moketi haikubadilishwa. Mwanawe ameweka meza palepale, na mpangaji mpya ameongezewa kodi kwa sababu nyumba iko na moketi. Nilicheka, lakini kicheko hicho kilikuwa na uchungu ndani yake, na nilimlipa mwenye toleka.

Nilitoa kinu. Nikaponda ndizi mpaka mabega yakauma, nikamwaga mawese juu ya samaki bila ubahili. Koko alikaa chini kwenye simenti, miguu mbele, sahani katikati, akaanza kula kwa mkono wake. Mkono ulikuwa umezidi kutetemeka. Tone kubwa jekundu likaanguka sakafuni, na sote wawili tukalitazama. Alilifuta polepole kwa kiganja, akaendelea kulifuta hata lilipokwisha, na macho hakuyainua.

“Doa hii sasa ni bei gani?” aliniuliza.

Nilimwambia ale, ndizi zinapoa.